Siku Nilipomsifu Mama Risper kwa Kukosa Mtu

Nyinyi hunicheka mkiona nakwepa maikrofoni, hata kwenye harusi ya dada yangu nilimwachia binamu asome ratiba, na mnadhani mimi ni mpole tu. Si upole. Ni aibu, tena ya kujitakia, na leo nitawaeleza ilivyokuwa ili msiniulize tena.

Mnajua kazi yangu. Mtu akiugua au akiumia mpaka akashindwa na shughuli zake za kila siku, mimi ndiye namsaidia kuzirudia, kuvaa, kupika, kwenda choo, kushika jembe. Hospitalini wanatuita OT, mtaani wananiita daktari, na mimi (Mungu anisamehe) sikuwahi kumsahihisha mtu. Nilipomaliza chuo nilipata kazi kwenye kituo kidogo huku Karungu, kinachosaidiwa na wafadhili wa ng'ambo, nikapewa koti jeupe, meza, na fomu iliyotoka kwa hao wafadhili. Fomu ilikuwa ndefu lakini ukiisoma vizuri ilikuwa inauliza kitu kimoja tu: je, mgonjwa anafanya hili bila kusaidiwa na mtu? Akiweza peke yake, alama zinapanda. Akishikwa mkono, zinashuka.

Mama Risper aliletwa na Lilian, mke wa mwanawe, baada ya kiharusi kumpoozesha upande wa kulia. Alikuwa mjane, mwanawe anafanya kazi Mombasa, nyumbani wamebaki wanawake hao wawili. Lilian alikuwa anamwogesha, anamfunga kitambaa cha kichwa, anamkatia ugali vipande vidogo, na yote hayo wanayafanya huku wanapiga hadithi na kucheka, mpaka siku ile ya kwanza niliwaita mara mbili ndio wakasikia.

Tukajaza fomu. Tukafika sehemu ya burudani.

"Mama, ukiwa huna kazi unapenda kufanya nini?"

Akafikiria kidogo. "Kwenda matanga."

"Matanga si burudani, Mama."

"Sijasema ni burudani. Umeniuliza napenda nini. Mtu akifiwa, mimi ndiye nasimamia sufuria kubwa za wageni. Nataka nirudi huko, nyathina."

(Nyathina ni mwanangu. Aliniita hivyo tangu dakika ya kwanza, na mimi nikamwita mgonjwa.)

Fomu ilikuwa na kusoma vitabu, kulima maua, kutembeza mbwa. Matanga haikuwa nayo. Nikaandika: hana. Mimi, mzaliwa wa Migori, ambaye kila msiba wa kwetu nimelishwa na mikono ya akina mama kama yeye, niliandika hana, nikapiga mstari chini.

Alama zake zilikuwa mbaya, na nikaona kinachoziharibu ni Lilian. Nikamwita kando.

"Kuanzia leo usimsaidie," nikamwambia. "Mwache ajifanyie mwenyewe, hata akilalamika. Ukimshika unamlemaza."

"Na watu wakiniona?"

"Waambie daktari amesema."

Basi, nikaenda kunywa chai.

Alama zikapanda kweli. Mama Risper akajifunza kumimina chai kwa mkono wa kushoto, na kupaka siagi mkate uliochomekwa kwenye kibao chenye misumari (kibao nacho kilikuja na fomu). Halafu akaanza kuja peke yake kwa bodaboda. Lilian sikumwona tena, na badala ya kuuliza yuko wapi, nikaandika kwa furaha kwamba sasa mgonjwa anasafiri bila kusaidiwa.

Wafadhili wakaja kututembelea. Msimamizi wetu akaniambia nichague mgonjwa mmoja wa kuwaonyesha, nikamchagua yeye. Tenti ikawekwa uwanjani, wageni mbele, chifu pembeni yao, nyuma majirani wa Karungu wamejaa. Mama Risper akafika amevaa gauni lake la kanisani nyuma mbele, vifungo viko mgongoni vimefungwa viwili tu. Niliona. Nikajiambia, si kitu, amevaa mwenyewe.

Akapaka mkate. Wageni wakapiga makofi, majirani wakaangalia tu. Hapo ningenyamaza mambo yangeisha, lakini nilitaka makofi zaidi, nikamwekea maikrofoni mdomoni.

"Waambie wageni, Mama. Siku hizi nyumbani unasaidiwa na nani?"

"Hakuna," akasema.

Nikawageukia wageni, nikawatafsiria kwa Kiingereza kwamba hahitaji mtu, sasa anajitegemea, nikaanza mimi mwenyewe kupiga makofi huku nimekumbatia maikrofoni. Yeye alikuwa hajamaliza. Akaendelea bila maikrofoni, na wote wakamsikia.

"Nimesema hakuna mtu. Lilian ameondoka. Ulimkataza kunishika, akaacha. Nikaanguka jikoni, akasimama mlangoni analia, anasema daktari amekataa. Watu wakamkuta amesimama hivyo. Wakasema anangoja nife achukue nyumba. Wakamtukana sokoni mpaka akarudi kwao Kisegi."

Mwanamke mmoja, jirani yake, akasimama nyuma. "Kwa hivyo ni wewe," akaniambia. "Alituambia daktari amesema, tukamwita mwongo. Mimi mwenyewe nilimwita mwongo."

Nikasema Mama anamaanisha kitu kingine, nikasema katika matibabu kuna hatua, sijui nilisema nini kingine. Halafu nikamwinamia msimamizi nikamnong'oneza, "Mnyamazishe huyu mama." Maikrofoni ilikuwa kifuani kwangu na ilikuwa inafanya kazi. Spika mbili zikatangaza mnyamazishe huyu mama kuanzia tenti mpaka barabarani.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mama Risper akaniangalia, akasukuma sahani mbele.

"Na huu mkate nimpe nani?" akauliza polepole. "Mimi sili mkate."

Chifu akaniambia nikae. Nikakaa. Mgeni mmoja akauliza mama amesema nini, na msimamizi wetu akamjibu kwamba anashukuru. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye ripoti yao, na picha yangu iko hapo, nimeshika maikrofoni, nacheka.

Jumamosi yake nilienda Kisegi. Nilimkuta Lilian uani kwa wazazi wake anaanika omena. Hakunikaribisha kiti, akaendelea kutandaza samaki wake huku mimi naomba msamaha nimesimama juani.

"Uliwaambia watu ni wewe?" akauliza.

"Mama aliwaambia. Mimi nilikubali." (Hata hapo nilijipendelea kidogo.)

"Walionitukana walikuwa wote hapo?"

"Sio wote."

"Jirani alimpigia mume wangu simu kabla yangu. Mume wangu ameniambia nisirudi. Sasa wewe utampigia umwambie nini?"

Nilimpigia, kweli, nikiwa hapo hapo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mke mwenye huruma hangoji ruhusa ya daktari, akakata. Lilian alisoma jibu usoni mwangu. Akachukua karai lake.

"Mama asioge maji baridi," akasema. "Ule mkono unamuuma sana asubuhi. Ulikuwa unajua?"

Sikujua. Nilikuwa na kurasa nzima zinazomhusu Mama Risper na hilo sikulijua.

Majirani sasa wanamsaidia kwa zamu, nadhani ni kwa kujilaumu. Kulipotokea msiba karibu na kwake walimbeba wakamkalisha kando ya sufuria, akawa anaelekeza wenzake, chumvi bado, geuzeni, ondoeni kuni. Nilipita hapo kutoa pole. Mikono yake hata haikugusa mwiko, na kwa fomu yangu alikuwa hajafanya chochote. Watu walikula wakashiba. Alinipakulia kwa mkono wa mtu mwingine, hakuniita nyathina.

Fomu bado naijaza, maana ndiyo inayolinda kazi yangu, na sijifanyi shujaa. Lakini mgonjwa akija naanza na yule aliyemleta, namuuliza wanaishi vipi, nani anamfanyia nani nini, na kabla sijasikia yote sifungui kalamu. Na nimejiapiza sitamwambia tena mtu yeyote amwachie mkono mtu wake. Lilian bado yuko Kisegi. Kiapo changu hakimsaidii chochote, na ninalijua hilo.