Wimbo wa Tano

Trei za mayai zilizobandikwa kwenye kuta za chumba alichorekodia mdogo wangu albamu yake ya mwanzo zilikuwa zangu. Mie ni mpishi wa keki na visheti hapa Mpendae, mayai kwangu hayakatiki, na trei tupu nilikuwa nikiwashia moto. Akaja akaniambia zinazuia mwangwi. Nikampa zote, na kuzibeba nikamsaidia. Wallahi, ningejua ningeziwasha.

Mdogo wangu huyu nimemlea mwenyewe tangu mama yetu alipofariki. Piano alijifunzia Mji Mkongwe, kwenye hoteli moja niliyokuwa nikipeleka keki. Ukumbini mna piano kuukuu, ndani yake mnawashwa balbu mchana kutwa ili unyevu usiivimbishe. Wageni wakienda pwani, yeye anapiga. Watu mtaani walisema mtoto wa kike na piano wapi na wapi. Nikawaambia kama masikio yanawauma wayazibe.

Sasa niseme la kwangu, maana bila ya hilo wimbo mmoja wa albamu ile haueleweki. Nilipoachwa, binti yangu alikuwa na miaka sita. Baba yake akamchukua kwao Nungwi, akanikataza nisiende, ati nitamvuruga mtoto. Huko akaambiwa mama yake hamtaki. Nililisikia kwa watu, na hakuna lililowahi kuniuma kama hilo. Tangu siku hiyo nilichokitaka duniani ni kimoja tu: mwanangu ajue kuwa sikumtupa.

Mwaka ule wa kwanza nilikwenda mara tatu, bila ya ruhusa ya mtu. Nilikaanga visheti, nikavitia kwenye mfuko wa karatasi, nikasimama nyuma ya ukuta wa chuo chao cha Kurani, nikasikiliza watoto wakisoma. Sauti yake naijua hata wakiwa mia. Nikisikia wanatoka, naingiwa na hofu ya baba yake, naondoka. Visheti narudi navyo. Sikumwambia mtu ila mdogo wangu, na yeye kwa sababu alilikuta kopo zima limejaa visheti vilivyolala, akauliza.

Albamu ilipotoka niliisikiliza jikoni, kwenye simu. Muziki wenyewe si taarab, wala si huu wa vijana wetu. Piano inaanza peke yake, halafu magitaa na dramu vinaingia kwa kishindo. Nyimbo nne za mwanzo nilizipenda, moja niliicheza na mwiko mkononi. Ukaja wa tano. Mwanamke kasimama nyuma ya ukuta, mfuko wa visheti umemlowa mkononi kwa shira, anatafuta sauti moja katika sauti za watoto. Nikazima jiko nikakaa chini.

Na ulikuwa mzuri, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nililia, kisha nikakasirika kwa kulizwa na mambo yangu mwenyewe.

Alipokuja jioni nikamwambia aufute. Akasema mle hamna jina la mtu, tena wimbo ushaenda, haufutiki. Nikamuuliza kwani yeye hana maisha yake ya kuimba? Akainama.

"Dada, yangu nliyaandika," akasema. "Hayakuwa na kitu."

Nikamwambia aniondokee machoni. Tulikaa wiki nyingi hatusemezani.

Mtaani nako hakukukalika. Wimbo ukapigwa redioni, ukapigwa saluni, ukapigwa dukani kwa muuza unga. Na wanawake wa kwetu hawasikilizi wimbo hivi hivi, lazima wajue kaimbwa nani. Mwimbaji ni mdogo wangu, mkaanga visheti ni mie, mtoto aliyechukuliwa ni wangu; kulikuwa na kazi gani ya kutafuta? Wakaniuliza kwa huruma, wengine kwa kebehi, na huruma yao ndiyo iliyonichoma zaidi. Jibu langu likawa moja: ule ni wimbo tu. Nikalisema sokoni, nikalisema msibani, nikalisema harusini. Mwisho lilikuwa likitoka lenyewe, hata sijaulizwa vizuri.

Alasiri moja tulikuwa wanawake sita ukumbini kwangu, tumekaa mkekani tunakata visheti vya harusi. Simu ikalia, namba ngeni. Mikono yangu imejaa unga, nikamwambia jirani anibonyezee, naye akaitia kwenye spika.

"Shikamoo, mama."

Miaka minane sijaitwa na sauti ile. Nikaitika marahaba, mwanangu, na visu vyote pale mkekani vikasita. Akasema kaazima simu ya rafiki yake. Akasema kausikia wimbo wa mama mdogo, kausikia mara nyingi. Halafu akauliza, taratibu, kama aliyejifunza maneno yale kwa moyo kabla ya kupiga:

"Mama, yule wa nyuma ya ukuta ni wewe? Ulikuwa ukija?"

Nikawatazama wale watano. Wote wameinamia unga, na hakuna aliyekuwa akikata.

"Ule ni wimbo tu, mwanangu."

Akajibu: "Haya, mama. Nilidhani." Akaniaga kwa salamu, simu ikakatika.

Nikaipiga ile namba hapo hapo, na unga wangu mikononi, ikawa haipokelewi. Kesho yake akapokea msichana, mwenye simu. Nikamwomba amwambie rafiki yake kuwa nilikuja, mara tatu nilikuja, na visheti nilikuwa navyo. Nikamsikia akimwambia mtu aliyekaa karibu naye, neno kwa neno, mpaka visheti. Kisha akarudi kwenye simu akaniambia, kwa adabu, kuwa mwenzake amesema anajua, ule ni wimbo tu.