Safari ya Ndau na Mtungi wa Njano

Admin, jina langu lifiche kabisa, hata kijiji usitaje, maana huku kwetu Ukambani mimi ni mtu mkubwa. Nina miaka hamsini na mbili, mke mmoja, kazi yangu fundi wa mawe. Shule niliacha darasa la sita lakini mainjinia wamenipigia saluti. Wawili. Haya, mmoja, na alikuwa anashika kofia isipeperuke. Niwieni radhi, mdomo umezoea, lakini leo nimeapa kila nikiongeza chumvi niitoe mwenyewe.

Miaka ya nyuma nilipata kazi ya kujenga madarasa kisiwa cha Ndau, kule Lamu. Nilikaa miezi minane. Kwetu hakuna aliyekuwa ameona bahari, kwa hivyo niliporudi nikawa mwenye bahari. Kila sikukuu wapwa zangu, watoto wa dada yangu, hunizunguka: "Mjomba, tuambie ile ya mwamba!" Nami huwaambia vile rafiki yangu, mvuvi wa pale, alivyokuwa mbishi, vile nilivyomwambia maji yanakuja akakataa kutoka, vile nilivyomtafuta majini saa nne nzima nikipigana na papa. Wamekua na hadithi hiyo. Sasa wana kazi zao, wamepanga safari ya familia, siku tatu, basi hadi Mokowe kisha boti hadi Ndau. Wamechapisha fulana. Yangu imeandikwa "Kapteni Mjomba".

Nilijaribu kuizuia. Niliandika kwenye grupu ya familia kwamba msimu huu papa ni wengi. Mpwa wangu mkubwa, nimwite Kavata, akajibu, "Si uko wewe, Mjomba? Papa wakikuona watahama." Wakacheka wote. Hata dada yangu, ambaye hajui kuandika, alituma kile kikatuni cha kucheka.

Halafu wiki jana Kavata akaja mbio hadi kwangu, simu mkononi. "Mjomba! Nimepata nyumba ya kukaa, na mama mwenye nyumba anakujua! Ni mke wa yule rafiki yako! Analia, hebu ongea naye." Akanibandika simu sikioni.

"Bwana fundi, ni wewe?" Sauti niliijua, ndiye aliyekuwa akitupikia wali. "Karibu kwako. Mola akulipe kwa vile ulivyomhangaikia. Mimi nina suali moja tu, ukija unijibu. Asubuhi ile niligombana naye. Nilimwambia, ukenda usirudi. Kisha wewe ukamwita atoke majini, akakataa. Alikataa kwa sababu ya neno langu? Alikwambia lolote? Nimelala na suali hilo miaka yote, fundi."

Nikasema, "Tutaonana, Bi." Basi. Kavata alikuwa ananiangalia huku akitabasamu.

Sasa niseme ilivyokuwa, na hapa sitaongeza kitu.

Bahari ikipwa sana, watu wa pale hutembea kwa miguu hadi mwambani kutafuta pweza kwenye mashimo. Mwamba uko juu. Nyuma yako, kati yako na kisiwa, kuna bonde, na maji yakirudi hujaza bonde kwanza. Wewe umesimama pakavu unaona una muda, kumbe njia ya nyumbani imeshazama. Mwenyeji anajua hilo. Mtu wa bara anaangalia miguu yake.

Rafiki yangu aliniita, "Fundi, natutoke. Ndia yafunga." Ndia ndiyo njia kwao. Nikamjibu, "Miguu yangu mikavu, bwana! Ngoja nimtoe huyu." Nilikuwa nimeona pweza shimoni, nikataka siku hiyo nirudi na mkubwa kuliko wake. Akaita mara ya pili. Akaita mara ya tatu. Yeye angeweza kwenda zake. Alinisubiri.

Tulipoingia bondeni maji yalikuwa kifuani, mara shingoni, na yanavuta. Mimi sijui kuogelea. Sikujua wakati ule, sijui hadi leo. Alikuwa na mtungi wa njano wa lita ishirini, mtupu, anaouvuta kwa kamba kama boya, pweza wamefungwa chini yake. Akakata pweza wote wakaenda, akanikumbatisha mtungi. Tukiushika wawili unazama. Akauachilia. Nilisikia mkono wake mgongoni ukinisukuma mara moja, kwa nguvu. Halafu haukuwepo.

Ufukweni watu wakaniuliza imekuwaje. Nikasema, "Nilimwambia tutoke, akakataa." Maneno yake nikayafanya yangu, na ubishi wangu nikamtwika yeye. Waliniamini kwa sababu nilikuwa nalia. Na kulia nililia kweli.

Mtungi niliondoka nao, hata sijui kwa nini. Mke wangu huchotea maji, wapwa zangu wamenawia maji yake. Ukiwekwa chini ya mfereji, sauti ya maji hupanda, hupanda, na maji yakikaribia mdomo mimi husikia wazi, mchana kweupe: "Fundi, ndia yafunga." Hapo hutoka nje ya boma. Mke wangu hudhani naenda kuvuta sigara. Sivuti sigara.

Tunaondoka Ijumaa. Nikisema ukweli, wapwa zangu watajua mjomba wao ni nani. Nikinyamaza, yule mama ataendelea kuamini kwamba alimuua mumewe kwa mdomo wake, na jibu lake ninalo mimi peke yangu. Naye Kavata anataka nimpeleke mwambani kwa miguu nimwonyeshe mahali penyewe.

Nimpigie yule mama simu leo, au niende nimwambie uso kwa uso, fulana hiyo mwilini, wapwa zangu wakisikia? Msinitukane tu, nipeni njia ya kutokea. Na mjibu upesi, jamani. Mke wangu yuko mferejini sasa hivi, nasikia maji yanakaribia mdomo wa mtungi.