Nilivyomtekea viatu binti aliyetoka Sweden, mbele ya bibi yake, Mzenga

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo mtajijua.

Ninachosimulia nilikifanya mwenyewe, kwa mikono hii hii, na mashahidi ni ukoo mzima. Anayedhani ni chai aje dukani kwangu Kwa Mathias, Kibaha.

Nauza sufuria na vyombo vya plastiki. Jirani yangu wa fremu ya pili ni fundi cherehani, anaitwa Mwinshehe, Mzaramo wa Mzenga huko Kisarawe.

Mimi Msukuma.

Kwa msiojua, Msukuma na Mzaramo ni watani tangu enzi za babu zetu. Ananitukana asubuhi, namtukana jioni, hakuna anayenuna. Akifiwa naenda kumvurugia kilio, na ndiyo heshima yenyewe.

Sasa, kaka yake Mwinshehe alikwenda Sweden akiwa kijana, akaoa huko, akafia huko. Akaacha binti, Zuhura. Mwaka huu binti kaja kwa mara ya kwanza kumwona bibi yake, mama wa marehemu.

Mimi nina Noah, nikaombwa niwapeleke. Habari ya mafuta tulielewana, tusiingie huko.

Tulipoiacha lami Mlandizi, binti akafunguka. Kiswahili chake safi kabisa, cha kufundishwa na baba sebuleni.

"Anko, kule kila siku naulizwa kwetu ni wapi. Nimejibu Mzenga tangu mdogo. Leo naogopa nikifika Mzenga nao waniulize."

"Hawawezi," nikasema, kwa sauti ile ile ninayomwambia mteja kwamba sufuria hili haliunguzi.

Tukafika. Mapokezi, wakuu, sina la kulalamika. Vigelegele, machozi, kukumbatiana.

Na hapo ndipo lilipoanza tatizo.

Zuhura akaletewa kiti cha plastiki kilichotandikwa kitambaa. Wali kuku, sahani yake peke yake, na uma. Sisi wengine chini mkekani, bada, yaani ugali wa muhogo, na kisamvu, mikono inapishana kwenye sinia.

Shangazi yake mkubwa anamsemesha polepole kama anaongea na mgonjwa. "Mgeni... umeshiba... mgeni?"

Kila mtu ana nia njema. Binti anatabasamu, ila uma haupandi mdomoni. Akashuka kitini akae na wenzake, wakamwinua. "Hapana mgeni, utachafuka!"

Lile tabasamu nalijua. Mimi nimezaliwa Kibaha. Nikienda Usukumani kwa baba mkubwa napewa kiti vile vile, na jina juu: mtu wa Pwani.

Viatu vya binti vilikuwa barazani. Nikanawa mkono, nikavitia kwapani, nikasimama katikati ya uwanja.

"Enyi Wazaramo! Mmecheza ngoma mpaka mmesahau kulinda mali! Viatu vya mjukuu wenu nimeviteka. Bila jogoo havirudi!"



Zuhura kanitolea macho. Shangazi akakurupuka. "We Msukuma, huna adabu? Mrudishie mgeni viatu vyake!"

Neno hilo ndilo nililokuwa nalivizia.

"Sawa, shangazi. Kama ni mgeni, nimekosa. Mgeni hataniwi. Narudisha sasa hivi na radhi naomba. Lakini kama ni Mzaramo, alipe. Chagueni moja."

Zuhura wala hakuwa anaangalia viatu, alikuwa anamwangalia bibi yake.

Bibi alikuwa anatafuna. Akameza kwanza, bila haraka.

"Mgeni nani hapa? Huyu wa mwanangu. Mzaramo huyu! Na wewe Msukuma, babu yako alikuja huku na mzigo kichwani, akatuomba maji. Leo umeota pembe, unadai jogoo? Zuhura! Mjibu mtani wako."

Binti akasimama.

"Jogoo hakuna. Nakupa yai."

"Yai? Viatu viwili kwa yai moja?"

"Tena la kuchemsha. Nyie Wasukuma na ng'ombe wenu, nikikupa bichi utakaa usubiri litoe ng'ombe."

Uwanja ulilipuka. Mwinshehe alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza.

Nikashuka bei. "Basi tetea."

"Yai."

"Kifaranga?"

Akanitazama juu mpaka chini, kama anakagua sufuria lenye kitobo. "Baki navyo. Vilikuwa vinanibana." Akageuka.

Wafanyabiashara wa humu mnaelewa. Mteja akigeuka asiangalie nyuma, umekwisha.

Akaenda peku mpaka mkekani, akajipenyeza kati ya bibi na shangazi, akakata tonge la bada. Hakuna aliyemwinua. Shangazi yule yule akamfokea, haraka haraka, kama anavyomfokea yeyote pale nyumbani: "Sogea huko nawe, umenikalia kanga!"

Binti alicheka, wakuu. Halafu akajifuta macho kwa mkono wenye kisamvu.

Viatu nikavitundika dukani. Siku ya safari yake ya kurudi akapitia Kwa Mathias, akaingia bila salamu, akabeba sufuria langu kubwa kuliko yote. "Fidia ya viatu, mtani." Fremu zote zinamshangilia. Nimehesabu mzigo mara mbili, ni kweli halipo. Walivyolipitisha uwanja wa ndege sijui.

Nilichoondoka nacho ni hiki. Kuna ukarimu unaomweka mtu nje ya mlango huku ukimpepea. Ndugu wakirudi kutoka mbali, wapeni kiti, sawa, lakini msiwaache juu yake siku nzima. Na mimi Usukuma wangu, nikiwa mkweli, sijaupata Usukumani. Nimetunziwa na Wazaramo wanaonitukana kila asubuhi.

Mliokulia mbali na kwenu, ni nani alikutania kwa mara ya kwanza ukajua umefika? Shusheni hapa tusome.

Wazaramo mnaokuja na matusi, uwanja wenu. Ila mmoja aje na sufuria langu.