Tundu la Feni Katika Chumba cha Mama

Nilianguka asubuhi ya mvua, brashi ikiwa mkononi, na mlango wa kabati niliokuwa naupaka vanishi ukaniangukia mgongoni. Jirani, mama mmoja anayekaanga mihogo mbele ya geti letu, alisikia kishindo. Aliingia, akanishika makwapani, akaniburuta hadi uani huku akinitukana kwa hofu. Nilipofumbua macho mvua ilikuwa inaninyeshea usoni, naye ameinama juu yangu na upawa wake bado mkononi.

"Unataka kufa kwa ajili ya kabati?" aliniuliza.

Nilitaka kumjibu, nikatapika.

Mimi ni seremala. Nilisomea chuo cha ufundi, nikafanya kazi kwenye karakana za watu mjini Morogoro, kisha nikarudi nyumbani Kihonda, pembezoni mwa mji, kumuuguza mama. Alipofariki sikurudi mjini. Niliingiza meza yangu ya kazi katika chumba chake, maana ndicho kilikuwa kikubwa, na wateja wakanifuata huko huko. Kazi za randa na msumeno nilizifanyia uani. Vanishi sikuweza. Kiangazi Kihonda ni vumbi tupu, na vumbi likitua juu ya vanishi mbichi, meza inakuwa na vipele kama ngozi ya mgonjwa wa surua. Masika tone moja la mvua linaacha doa jeupe lisilofutika. Kwa hiyo nilipaka ndani, nimefunga dirisha, na harufu ya tina, ile dawa ya kuzimulia vanishi, ikajaa chumbani mpaka macho yanachuruzika. Nilijizoesha. Kichwa kiliuma kila jioni, nikakiita uchovu.

Hospitalini nilimkuta daktari wa kike, mdogo kwangu kwa umri, mwenye sauti ya upole. Alinisikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Chumba chako kina madirisha mangapi?"

"Moja, na mlango. Vyote viko upande mmoja."

Akatikisa kichwa. "Dada yangu, ile hewa ya tina ikijaa ndani inakulewesha kwanza, halafu inakuangusha. Siku nyingine hutapata wa kukuburuta nje. Vaa barakoa ya kufaa, si kitambaa. Na chumba kipate upepo unaopita. Ama hewa itoke, ama utoke wewe."

Mimi nilisikia yale ya kwanza. Kaka yangu, aliyekuja kunichukua kutoka Mikese anakofanya biashara yake ya duka, alisikia yale ya mwisho tu. Tulipofika nyumbani alikuwa ameshampigia simu mjomba.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ana sauti ambayo baba hana. Mjomba wetu alishuka kutoka milimani na mkungu wa ndizi na mfuko wa pilipili manga, kofia yake nyeupe kichwani. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba bila kunitazama. Hapo nikajua kikao kimeshafanyika kwenye simu, na mimi nimeitwa kusikiliza hukumu.

Tulikaa kibarazani. Kaka alianza.

"Daktari amesema uache."

"Daktari amesema hewa itoke."

"Ni kitu kile kile."

"Si kitu kile kile, kaka."

Mjomba akakohoa kidogo, akatuliza mikono juu ya fimbo yake. "Mwanangu, ufundi huu umeutoa wapi? Mama yako alikuwa mkulima. Bibi yako mkulima. Makabati ni kazi ya wanaume, na hao wanaume wenyewe wanafanyia barabarani chini ya turubai. Wewe umejifungia ndani na sumu. Sasa sisi tumeona hivi: chumba kisafishwe, kipangishwe. Wanafunzi wa chuo cha Mzumbe wanatafuta vyumba kila mwaka. Utakaa, utapumzika, utapona."

"Na vyombo vyangu?"

"Viuzwe," alisema kaka.

Nilitazama viatu vya mjomba, vilivyokuwa bado na udongo mwekundu wa kwao. Nilikuwa dhaifu, na nadhani wote wawili walidhani nimeinamisha kichwa kwa kukubali.

"Sifungi karakana," nikasema.

Sikupaza sauti, wala sikuongeza neno. Mjomba alimgeukia kaka kana kwamba nimeongea lugha anayohitaji kutafsiriwa. Kaka, ambaye ana huruma hata akikosea, akasema basi atanunua pangaboi nifunge darini. Nikamweleza kwamba pangaboi linakoroga hewa tu. Sumu inazunguka humo humo na kukurudia puani. Ninachotaka ni feni ya ukutani inayonyonya hewa ya ndani na kuitupa nje.

"Kwa hiyo unataka kuvunja ukuta," alisema mjomba.

"Tundu moja tu, mjomba."

"Ukuta upi?"

Hapo ndipo palipokuwa na ugomvi wenyewe. Ukuta wa mbele ulitazama uani na mihogo ya jirani. Wa kushoto umeshikana na jiko la watu. Wa kulia ni wa ndani, unaelekea sebuleni. Ulibaki wa nyuma tu, unaotazama korongo, na ng'ambo ya korongo mashamba ya mahindi, na juu yake milima. Huko harufu isingemdhuru mtu. Na huo ndio ukuta ulioegemezewa kitanda cha mama mpaka siku aliyokata roho. Msumari wake wa kutundikia kanga ulikuwa bado upo.

Nikamwambia ni huo. Mjomba alisimama, akaenda kuswali, na hakuniongelesha tena siku ile.

Feni niliipata kwa bwana mmoja, huko huko Kihonda, aliyekuwa anafuga kuku wa nyama akachoka nao. Banda lake lilikuwa limebaki tupu, feni inaning'inia, manyoya yamegandamana kwenye mapanga yake kama sufi. Niliipakia kwenye bodaboda nikaikumbatia njia nzima. Niliisugua kwa sabuni na maji ya moto, na bado ilinuka kuku. Nilimwita fundi umeme niliyesoma naye chuo. Aliifungua, akaichungulia, akaizungusha kwa kidole.

"Una bahati. Mota yake imefungwa kote," alisema. "Ingekuwa ya wazi nisingekufungia hata ungelia. Tina na cheche ni moto. Na swichi tutaiweka nje, si humu ndani."

"Tutafunga lini?"

"Toboa tundu kwanza. Mimi si mwashi."

Basi nikatoboa. Ama niseme, nilikwenda kutoboa. Asubuhi niliingia chumbani na tindo na nyundo, nikamkuta mjomba amekalia kiti, mgongo wake umeegemea ukuta ule ule, chini ya ule msumari. Alikuwa amevaa vizuri kama anayekwenda msikitini. Kaka alisimama mlangoni, hajui akae upande gani.

"Mjomba, naomba unipishe."

"Utapiga ukuta wa dada yangu nikiwa hai? Alilala hapa. Tulimtoa hapa. Piga basi, uanzie kwangu."

Nilikuwa nimejiandaa kuelezea vipimo, upepo, maneno ya daktari. Yote yakanitoka. Nikatazama juu, kwenye dari. Nilikuwa nimeipaka rangi nyeupe mara nyingi, na kila mara weusi unarudi, unajipenyeza kama mafuta kwenye karatasi. Hayo ni masizi ya moto wa mama. Tulipokuwa wadogo hatukuwa na jiko. Masika mama alipikia humu humu, kuni mbichi, dirisha limefungwa ili sisi tusilowe. Alipuliza moto, akakohoa, akafuta macho kwa ncha ya kanga, akapuliza tena. Alikohoa tukiwa shule ya msingi, alikohoa tukiwa wakubwa. Na msibani kila aliyesimama kuzungumza, mjomba akiwa wa kwanza, alimsifu kwa jambo moja: alikuwa mvumilivu.

"Mjomba," nikasema, "unaikumbuka ile dari?"

Hakuinua macho.

"Tazama. Ule ni moshi wake. Miaka yote ile ulikuja hapa, ukala chakula chake, ukamsikia anakohoa. Baba alimsikia. Sisi tulimsikia. Nani alishika nyundo akamtobolea hata tundu la kupitisha mkono?"

"Usiniseme hivyo, wewe mtoto."

"Sisemi kwamba moshi ndio uliomuua. Mimi si daktari. Nasema alikohoa humu ndani, na ukuta huu ulikuwa mzima, na wote tuliuacha. Mkamsifu kwa kuvumilia. Mimi sitaki kusifiwa hivyo. Nikifa mseme nilikuwa mkorofi."

Kaka alisema, "Dada, basi." Alilisema taratibu sana.

 Kidevu cha mjomba kilikuwa kinacheza. Niliogopa kwamba nimemuumiza mzee wa watu kupita kiasi, lakini sikufuta neno hata moja, kwa sababu yote yalikuwa kweli. Mwishowe akainuka, akakishika kiti kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine.

"Alikohoa, kweli," alisema. "Lakini mimi sitakaa kutazama." Akatoka na kiti chake.

Nikang'oa msumari, nikautia mfukoni, nikaweka tindo ukutani.

Matofali ya kuchoma ya zamani ni magumu, ila yameunganishwa kwa udongo, na udongo ukishapata njia unatiririka wenyewe. Nilipiga huku nimejifunga barakoa, na kila baada ya muda nilisimama kuvuta pumzi kwa sababu kifua kilikuwa hakijapona. Niliwakasirikia wote. Nilimkasirikia mjomba, na kaka, na baba aliyekwisha kufa kabla ya mama. Nilimkasirikia na mama mwenyewe, kwa kukubali, na hilo ndilo lililonitoa machozi. Kaka alitaka kunipokea nyundo. Nikamkatalia. Akaenda kuzoa kifusi kwa ndoo, akakimwaga korongoni, akarudi kuzoa tena, hadi tofali la mwisho lilipoangukia nje na mwanga ukaingia mahali ambapo haukuwahi kuingia.

Fundi umeme alikuja alasiri, akavuta waya. Mimi nikatengeneza fremu ya mbao, nikaishindilia ukutani kwa simenti. Simenti iliposhika kesho yake, tukaifunga feni. Mjomba alikuwa uani anakunywa chai, ametugeuzia mgongo. Jirani wa mihogo alikuja kushuhudia. Nikabonyeza swichi.

Feni ikaguruma, na papo hapo moshi wa takataka zinazochomwa korongoni ukaingia wote ndani, pamoja na vumbi la tofali na unyoya mmoja wa kuku uliokuwa umejificha sijui wapi. Tulikohoa sote. Fundi alicheka mpaka akachuchumaa.

"Umeona?" alisema kaka.

"Nimeona. Nimeifunga kinyume. Nipe bisibisi."

Tukaifungua, tukaigeuza, tukaifunga tena. Safari hii iliguruma lakini ilivuta kwa shida, kama mtu anayefyonza juisi kwa mrija ulioziba. Fundi akaniuliza, "Hewa ya kutoka umeipa njia. Ya kuingia umeipa njia gani?" Alikuwa ameshanionya nami nikasahau. Nikang'oa mlango, nikaukata chini upana wa kiganja, nikapigilia wavu wa waya kuzuia panya. Kisha nikawasha kijiti cha udi, nikasimama nacho katikati ya chumba.

Moshi ulipanda kidogo, ukasita. Halafu ukalala. Ukanyooka wote kuelekea ukuta wa nyuma, mwembamba kama uzi, ukaingia tunduni ukapotea. Nilitembea na udi kona kwa kona, na kila kona moshi ulifuata njia ile ile. Jirani akapiga kigelegele. Nilipogeuka kumtazama mjomba, kiti kilikuwa kitupu. Alikuwa amekwenda kulala, na kesho yake alipanda gari la kurudi milimani bila kuniaga. Kaka ndiye aliyempeleka stendi.

Kabati nililomalizia wiki iliyofuata lilitoka bila kipele wala doa. Kikohozi hakikwisha mara moja; kilipungua taratibu, na zipo siku za baridi kinaporudi. Daktari aliponipima tena alisema mapafu yanajitahidi, nisiyachokoze. Barakoa siivui. Umeme ukikatika naweka brashi chini, natoka nje, hata kama mteja ananingoja getini amekunja uso. Maumivu ya kichwa ya jioni, ambayo kwa miaka niliyaita uchovu, yaliisha kabisa, na nilipogundua yameisha nilikasirika upya.

Wapo wanaosema nimeharibu nyumba ya mama. Shangazi mmoja aliniambia kwenye harusi, mbele za watu, kwamba nimemtoa mjomba wangu chumbani kwa nyundo. Nilimwambia ni kwa tindo, nyundo ilikuwa ya kusaidia.

Mjomba bado anashuka kila Idi. Anakaa uani, anakunywa chai yenye pilipili manga yake mwenyewe, anauliza habari za watu wote. Chumbani haingii. Sikumwomba radhi, naye hakuniomba, na nimekubali kwamba huenda tukazikana hivyo. Idi iliyopita feni ilikuwa inaguruma kwa sababu nilikuwa na kitanda cha bibi harusi kinachokauka vanishi. Alisikiliza kwa muda, kikombe mkononi.

"Bado unafanya?" akaniuliza.

"Nafanya, mjomba."

Akanywa chai yake. Nami nikarudi ndani kugeuza mbao za kile kitanda.