Ukoko wa Bukari

Hapa Musonoi, Kolwezi, wajukuu wangu hugombania ukoko wa bukari, ugali wetu, kwa kicheko. Mimi hutoka nje.

Tulikuwa tunahamia Kolwezi kutafuta kazi, watu wa kaskazini, ndani ya boti ya mbao iliyopanda mto Lualaba kuelekea Bukama. Injini ilikufa katikati ya matete. Tukatundika turubai iwe tanga, na upepo ulipokataa tukaisukuma boti kwa miti mirefu. Safari ikarefuka, unga ukapungua, makaa yakaisha.

Unga tulikuwa tumeuchanga kwenye gunia moja. Mama mmoja mzee alitupikia, kila mtu akapata tonge lake. Ukoko ulikuwa wake, maana kwetu anayekoroga ndiye anayekwangua sufuria. Yeye alimpa binti yake mjamzito, aliyelala juu ya mizigo na kutapika kila kitu kingine.

Matonge yalipokuwa madogo, nilianza kuikodolea macho ile sufuria. Ukoko ulizidi fungu langu kwa unene. Nilikuwa kijana mwenye nguvu, nimemaliza sekondari, na mdomo sikuuzuia.

"Mama, unaunguza bukari kwa makusudi," nilisema mbele ya wote.

"Tata, makala yaliisha. Moto ya matete inaruka. Kuja upike weye, tuone!" alinijibu, akiniita baba kama ilivyo kwetu.

"Mupishi ananenepa, sisi tunakauka!" mtu alipaza sauti huko nyuma. Watu wakacheka, na kile kicheko kikanipanda kichwani.

Nilishika mwiko. Hakuuachia. Nikampiga kofi, akaning'ata mkono, nikampiga tena. Wanaume wawili wakaingia, mmoja kumtetea mama, mwingine kwa ajili ya sufuria tu. Ngumi zikaruka bila kuchagua uso. Jino la mtu lilidondoka miguuni pangu. Kisha sufuria ikapinduka, na bukari ya moto ikaufunika mkono wa mama kuanzia kiwiko hadi vidole.

Bukari haitiririki kama maji. Inaganda. Mama alipiga yowe, watu wakamrukia, nikadhani wanamwokoa. Walikuwa wanaibandua mkononi mwake na kuitia mdomoni, ngozi ikifuata. Nami nilikula. Miaka mingi nimesema ilikuwa njaa. Ilikuwa mimi.

Kesho yake hakuna aliyetaka mwiko, wakanitupia mimi. Nilikoroga kwa nguvu zangu zote. Matete yaliwaka kwa kuruka, na ukoko ukashika mnene vilevile. Niliukwangua wote, nikampelekea binti.

"Ni ya mupishi," alisema mama, mkono umefungwa kwa kitenge. "Kula, tata. Uliipigania."

"Si yangu, mama."

Binti alimtazama mama yake, akaupokea, akala amenigeuzia mgongo. Ikawa hivyo kila siku hadi Bukama. Pale gatini mama alijaribu kubeba mzigo wake, vidole vikakataa kukunjika. Nilinyoosha mkono niupokee. Akamwita mtu mwingine.