Sanda ya Bibi Iliyokwenda Athene

Mpaka leo nikipita kwenye maduka ya mashuka pale Uyole, harufu ya zile tembe nyeupe za kufukuza mende hunisimamisha kama trafiki. Malori yanapiga honi, wateja wananikanyaga vidole, mimi sipo. Nipo kwetu Ipogolo, nina miaka tisa, nimeinua mikono juu, nazungushiwa sanda.

Msishtuke, ndugu zangu. Ilikuwa sanda kweli, ila mwenyewe alikuwa hai na kwa ugali alitushinda sote.

Bibi, mama yake baba, alihamia kwetu kutoka Kalenga na sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na kitambaa cheupe cha marekani, kirefu kuliko kanisa, alichojinunulia kwa ajili ya siku yake, akakitilia zile tembe nyeupe. Hakuna aliyekigusa. Mimi hata sanduku lenyewe nililipita kwa mbio.

Mwaka huo watoto wa shule ya Jumapili tuliigiza Paulo akihubiri Athene, nami nikapewa kuwa Damari, yule mama aliyeamini. Mwalimu alichora ubaoni vazi la Wagiriki: kitambaa kimoja, hakikatwi, hakishonwi, kinakunjwa, kinabanwa mabegani, kinafungwa kiunoni. Asiye na vazi, akasema, atakaa na kwaya. Sasa mashuka yetu yote yalikuwa na picha za tausi, na Mgiriki gani anavaa tausi? Nililia mpaka mto Ruaha Mdogo ukaongezeka kina.

Bibi akafungua sanduku.

"Mama, hicho hapana," mama alisema. "Kikichafuka tutakuzika na nini?"

"Wewe mama Vumi, kwani kinakatwa? Si mtoto amesema hakikatwi? Tunakikunja, halafu tunakikunjua."

"Na vumbi la hapa?"

"Si ndilo hilo mtakalonifukia nalo? Lete pini."

Akakikunja mara mbili, akateremsha pindo la juu likaning'inia kifuani, akanisimamisha katikati kama nguzo. Pini begani huku, pini begani kule. "Baba yangu alifunga mgolole hivi hivi, fundo begani," alisema. "Sijui Mgiriki alituiga, au sisi ndio tuliomwiga." Akanifunga kamba ya katani kiunoni, akavuta kitambaa juu yake kidogo kidogo, kikashuka kwa mikunjo mingi kuliko kona za mlima Kitonga.

"Tembea."

Nikatembea kutoka mlangoni hadi kabatini. Kitambaa kilikuwa kinanong'ona miguuni. Mama aliyekuwa akipuliza mkaa aliacha kupuliza. Jogoo wa jirani, naapa, alinyamaza. Bibi alikaa kwenye kigoda akinitazama kama vile mimi ndiye mkubwa na yeye ndiye mtoto.

Mama naye akalainika. Akasema katani inamwaibisha Damari, akachukua msuko wake mwekundu wa nyasi za milulu, aliouandaa kwa ajili ya mkono wa kikapu, akauchovya majini kama wasukaji wote wafanyavyo ili usikatike, akanifunga, akakaza. Yule yule aliyekuwa mlinzi wa sanda. Tulipokuja kuangalia, rangi ilikuwa imetoka, na mstari mwekundu umezunguka kiuno chote.

Mama akakaa chini sakafuni. Kwa hesabu zangu Bibi sasa asingeweza kufa, maana hana cha kuvaa, na sikujua kama hilo ni baya au zuri.

Bibi akausogelea mstari, akaupapasa kwa kidole. "Kilikuwa kitambaa tu," alisema. "Sasa kimekuwa nguo. Twendeni, tutachelewa."

Kanisani nilikuwa na maneno mawili tu, "Nami naamini," nikayasema hadi mbao za dari zikatetemeka. Bibi alikaa benchi la mbele. Hakuutazama uso wangu. Alikifuata kitambaa kwa macho, kila nilipokwenda.

Mama alikifua, wekundu ukawa waridi, hapo ukagoma. Miaka mingi baadaye, Bibi alipoondoka, mimi tayari mama wa watoto wawili na mwanafunzi wa masomo ya jioni, mtu mmoja alileta kitambaa kipya kisicho na doa. Shangazi akakirudisha. Bibi alikuwa ameacha neno: kile kile cha Athene.

Tulipokuwa tukimvika ndipo nikaelewa. Utotoni niliamini kwamba alinionea huruma kwa sababu ya machozi yangu. Kumbe yeye naye alikuwa akilipita lile sanduku kwa mbio. Hakutaka kuwa mtu wa kwanza kuivaa sanda ile.