Kituo cha Polisi Juu ya Jiko Langu

Jamani, kwa bahati Mbinga nzima hakuna wa kunifikia!
Kituo kipya cha polisi kitajengwa kilimani, juu kidogo ya nyumba yangu, kwenye yale mashimo ya ngoro tunayolimia mahindi. Wezi wote, kwaherini.

Leo mchoraji wa jengo ametuletea ramani kwenye mkutano kiwanjani. Jengo zuri, na choo cha mahabusu kiko nyuma, upande wangu.
Nikawa wa kwanza kupiga makofi. "Injinia, hata Dar sijaona kituo kama hiki!"
(Dar nilikaa wiki mbili, lakini yeye hajui.)

Jirani yangu Bibi Agatha akasimama na jembe lake.
"Mwanangu, ngoro zetu umezichora wapi?"
"Shikamoo bibi. Hayo mashimo tutayasawazisha."
"Marahaba. Ndiyo yanayoshika maji ya mvua. Ukiyafukia, choo chako kitashuka mpaka kwenye ugali wa huyu anayepiga makofi."

Mkutano mzima ukanigeukia. Mikono yangu bado iko hewani!

Mchoraji akabisha. Bibi akamwaga ndoo ya maji kwenye kijia kisicho na ngoro, na maji yakanyooka hadi mlangoni kwangu.
Jamaa akakunja ramani, akakubali. Choo kinahamia upande wa barabara, ngoro za upande wangu zinabaki.

Haya, chekeni, nimewaruhusu. Nani mwingine amewahi kuupigia makofi msiba wake mwenyewe?

Ile bahati niliyojisifia ni uongo. Nilikuwa na Bibi Agatha tu.